Bolti Iliyofuata Jua

Port Murdoch, Cape Breton
3 Februari 1982

Rhodena, nimeiharibu injini ya baba yako!

Haya, nimeshasema. Sasa ngoja nivute pumzi nikusalimu kama mtu aliyelelewa. Hujambo mwanangu? Sisi huku hatujambo, ukiiondoa injini. Baba yako bado yuko hospitali mjini. Nyonga mpya imeshika, na manesi wanasema hawajawahi kupata mgonjwa mkorofi kama yeye. Nikawaambia hiyo ndiyo dalili ya kupona. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku la nguo zako, na sijapata moyo wa kumhamisha.

Hectorina wa ng'ambo ya barabara alikuja kunionyesha picha ya mwanawe aliyeajiriwa benki, amevaa tai. Nikamwambia wangu mimi anatengeneza malori makubwa kuliko kanisa letu pamoja na mnara. Akasema, "Pamoja na mnara, Phemie?" Nikamjibu, "Na kengele yake."

Sasa jambo lenyewe. Unakikumbuka kile kikasha cha aluminiamu kilichokaa juu ya injini, kinachopitisha maji ya kupozea, chenye kifuniko cha bolti mbili? Msimu uliopita kilikuwa kinatoa machozi. Baba yako kabla ya kwenda kukatwa nyonga alikitazama, akanitazama, akasema, "Nimechoka, Phemie. Siku ya kumwaga mitego ya kambakoche mwezi wa tano injini ikigoma, boti namuuzia Hughie, na leseni ya uvuvi juu." Hughie ndiye mume wa Hectorina, ana boti mbili tayari na anaitamani ya tatu kama mtoto anayetamani jino la dhahabu. Na baba yako unamjua, neno likishamtoka halirudi.

Mimi sitaki boti ile iuzwe. Nina sababu zangu. Nikasema moyoni, haya machozi nitayafuta mwenyewe kabla hajarudi. Nikaingia bandani na spana. Kinavuja? Kaza. Nikakaza bolti. Ikagoma. Mtu mwenye akili hapo angelegeza, akatoa kifuniko, akaweka gasketi mpya. Lakini kulegeza ni kugeuza kinyume na jua, na sisi chomboni hatugeuzi kitu kinyume na jua, si usukani wala kamba. Bibi yako hata chai hakuikoroga kinyume. Baba yako akilazimika kulegeza bolti huvua kofia na kufumba macho, ili ionekane ni mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimevaa kitambaa cha kichwa kilichofungwa mafundo mawili, na baridi ilikuwa kali, nikaona bora nikaze tena.

Basi ikalainika, mwanangu, ikawa inazunguka kama kijiko kwenye uji. Nilifurahi! Nilidhani imekubali. Nikaizungusha mara kadhaa zaidi kwa raha zangu, huku naimba. Nilipoishika kuijaribu, ikanifuata mkononi yenyewe, imevaa meno ya kikasha kama mkufu.

Sasa fundi ni wewe, niambie la kufanya. Usipige simu. Waya wetu bado ni wa nyumba nne, na kengele ikilia Hectorina hufika kwenye simu yangu kabla yangu. Andika.

Na hujasema kama utakuja siku ya kumwaga mitego. Mwaka jana pia hukusema.

Mama yako,
Phemie


Fort McMurray, Alberta
17 Februari 1982

Mama mpenzi,

Mimi mzima, na nimefurahi kusikia baba anawasumbua manesi badala yako. Huku baridi ni ile ya kukufanya usahau jina lako. Barua yako niliisoma mezani wakati wa chakula cha mchana, nikafika kwenye ule mkufu, maharagwe yakanipalia. Ilibidi jamaa yangu Odette, tunayefanya naye kazi zamu moja, anigonge mgongoni. Akanyakua barua akaisoma na yeye. Sasa kambi nzima inakusalimu.

Mwache paka kwenye nguo zangu. Hazinitoshi tena.

Mama, bolti haina kosa. Aluminiamu ni laini, meno yake yamenyolewa yote, kwa hiyo hata ukitia bolti mpya itazunguka vilevile. Usitie gundi ya chuma. Usitie bolti nene kwa nguvu. Nakuomba usiimbe. Nimekutumia kifurushi. Ndani mna keekee ya kupanulia shimo, tapu, na springi ndogo za chuma kisichoshika kutu. Tapu ni kama bolti yenye makali, ndiyo inayochonga meno mapya kwenye shimo pana. Ukimaliza, springi inazungushwa ndani ya meno hayo, inakaa humo milele, na bolti ya zamani inashika ndani ya springi. Itakuwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani.

Lakini sikiliza hapa. Tia mafuta, shika tapu wima, geuza nusu mzunguko mbele, kisha robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma. Ile robo ya nyuma ndiyo inayokata taka za chuma. Usipoirudisha zinajazana, na tapu ni ngumu lakini haina uvumilivu, inavunjika kama biskuti. Ninajua unachofikiria sasa hivi. Geuza nyuma, mama. Jua litakusamehe, lina mambo mengi.

Habari ya mwezi wa tano tutaona. Kazi ni nyingi.

Mwanao,
Rhodena


Port Murdoch
10 Machi 1982

Mwanangu Rhodena,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Paka ana watoto watano na wote wana uso wa Hughie. Baba yako sasa anatembea na magongo kwenye ukumbi wa hospitali, ameshindana mbio na mzee wa miaka themanini, akashindwa, halafu akadai mzee alimwibia.

Kifurushi kilifika. Yule mama wa posta alikitikisa, kikalia, akasema, "Vito, Phemie?" Nikasema, "Wangu mimi hanitumii vito, ananitumia akili." Nikaona limetoka vizuri, nikalirudia Jumatano kwenye mchezo wa bingo. Na kwa vile watu walikuwa wananisikiliza, nikaongeza kwamba umepandishwa cheo kuwa msimamizi. Kama bado hujapandishwa, fanya haraka.

Sasa keti.

Shimo nililipanua vizuri, hata wewe ungelisifu. Mafuta nilitia. Tapu niliishika wima kama mshumaa wa altareni. Nikageuza nusu mbele, tamu kabisa, inakata kama kisu kwenye jibini. Nikafika kwenye nyuma. Nikainua macho. Unajua dirisha la banda linatazama mashariki. Jua lilikuwa limesimama pale, jekundu, linanitazama moja kwa moja, na mimi niko ndani ya chombo cha mume wangu, mwaka ambao hawezi hata kusimama wima. Nikasema, robo tu haiwezi kuwa na maana kubwa hivyo. Nikaenda mbele tena. Na tena. Ikawa nzito. Nikaweka kifua.

Ilisema *ka!* Sauti ndogo, kama mtu anayevunja mfupa wa kuku mezani kwa adabu. Nikabaki na kipande cha juu mkononi, na kipande cha chini kimejichimbia ndani ya shimo, hakitoki, hakisogei. Nilijaribu kukitoboa na keekee ikateleza. Nilijaribu kukiombea.

Na hapo ndipo mlango ukagongwa. Hughie! Nikachukua lile bati langu la mkate, nililokuwa nawekea nati, nikalifunika juu ya kikasha, nikalikalia.

"Phemie, umekaa juu ya injini?"

"Nyonga," nikamwambia. "Nadhani inaambukiza."

Akazungukazunguka, akapapasa ubao wa ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe. "Boti nzuri hii. Mumeo Dougald kasema ikigoma..."

"Haitagoma."

"Mbona kuna harufu ya mafuta ya kukatia chuma?"

"Marashi mapya. Rhodena kanitumia toka Alberta."

Akaondoka, lakini kwa mwendo wa mtu aliyehesabu.

Sasa nikawaza, kipande hiki kitatolewa na fundi, na fundi ni wewe, basi kikasha kikufuate huko. Kimeshikwa na bolti tatu ndefu, na bolti tatu ndefu ni kulegeza mara tatu kinyume na jua. Nililala na jambo hilo. Asubuhi, nachana nywele, nikaona kitu ambacho sijui kwa nini hakifundishwi shuleni, au labda kinafundishwa baada ya darasa la sita nilikoishia mimi. Nilikuwa nazungusha chanuo hivi, na yule wa kwenye kioo anazungusha vile!

Nikachukua kile kioo chako cha mkono chenye maua ya waridi. Nikakisimamisha juu ya betri. Nikashika spana, nikatazama kioo tu, sikutazama mkono hata kidogo, na ndani ya kioo, Rhodena, bolti zote tatu zilifunguka kwa kufuata jua. Jua lenyewe lilikuwa shahidi. Halafu nikakaa nikalia kidogo, maana ningekipata kioo siku moja kabla, tapu ingekuwa nzima.

Mtu hata mmoja asijue hili. Unajua hapa mtu akifanya upuuzi mmoja anaitwa kwa upuuzi huo mpaka wajukuu. Angus Jiko hajawahi kuangukia jiko maishani mwake, ni babu yake.

Nimekifunga kikasha kwenye soksi tatu za baba yako na kukituma kwa anwani ya kambini. Zile springi nimezibakiza hapa kwenye kopo la chai, zisije zikapotea njiani. Najua na zile mashine zenu mtakimaliza wakati wa kunywa chai.

Mama yako anayekusifia,
Phemie


Port Murdoch
2 Aprili 1982

Rhodena,

Natumaini hujambo. Sisi wazima. Barafu ya ghubani imeanza kupasuka, usiku inalia kama milango.

Sijapata neno lako tangu nitume kikasha. Hata "kimefika" sijapata. Baba yako anarudishwa nyumbani tarehe ishirini na nne, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kwenda bandani, hata kwa kutambaa. Injini sasa hivi ina tundu pale juu na tundu lina bati la mkate. Hughie amenisalimu mara mbili gatini bila sababu.

Nimewaambia watu umechelewa kwa kuwa msimamizi hana nafasi. Sema neno, mwanangu, hata la uongo.

Mama


5 Aprili 1982

Mama mpenzi,

Samahani kwa kuchelewa. Kikasha kimefika, kilizunguka kidogo njiani. Soksi za baba ninazivaa.

Ulichofanya na kioo nimemsomea Odette. Akasema, "Huyo mama yako angekuwa amepita chuo, tungekuwa hatarini."

Kile kipande ni kigumu kuliko keekee yoyote, hakitobolewi. Kwa hiyo nimekichemsha. Unaijua ile shabu unayotia kwenye achari ya matango ili yasilegee? Nimeikoroga nyingi kwenye maji, nikatumbukiza kikasha, nikaweka jikoni moto mdogo, nikawa nabadilisha maji yakichafuka. Shabu inakula chuma cha tapu polepole lakini aluminiamu haiigusi. Jana kipande kilikuwa kimebaki kama mkaa, nikakisukuma na msumari kikaanguka. Mwenye sufuria amekasirika kidogo, lakini nimemwahidi nyingine.

Meno mapya nimeshayachonga na tapu ya kuazima. Nusu mbele, robo nyuma. Limebaki jambo moja tu, springi, na springi unazo wewe. Saizi ile huku haipatikani kirahisi. Zitie kwenye bahasha leo hii, nitazifunga na kukurudishia kikasha kabla ya siku ya mitego.

Usiandike tena kwa anwani ya kambini, tumia hii iliyo nyuma ya bahasha. Ni rahisi zaidi.

Mimi mzima kabisa. Kazi inaendelea.

Rhodena


Port Murdoch
13 Aprili 1982

Rhodena,

Springi sizitumi.

Hujambo lakini? Kula unakula? Hapa tumepata siku mbili za jua na watu wote wametoa mitego nje, kijiji kizima kinanuka kamba na rangi. Hectorina ameanika mazulia yake upande wa barabara ili tuyaone. Nimeyaona.

Nakwambia tena, springi sizitumi. Ziko kwenye kopo la chai, kopo liko kabatini, kabati liko jikoni kwangu, na njia unaijua. Zifuate.

Mimi sikusoma sana, lakini muhuri wa posta najua kuusoma. Barua yako imegongwa Edmonton, mji mwingine kabisa, kama ilivyo anwani ya nyuma yake. Na kitu kingine. Mtu mwenye karakana yenye mashine za kuinua malori hachemshi chuma kwenye sufuria ya watu. Nimekaa na sufuria hiyo kichwani siku tatu nzima. Nimeisafisha, nimeipindua, na kila nikiitazama chini naona jambo ambalo hukuniandikia.

Sikuulizi. Mama wa watu wengine angeuliza. Mimi nilikuwa na shughuli, nilikwenda bingo nikawaambia umehamishiwa mjini kwa sababu wameshindwa kuendesha mji bila wewe. Hectorina akasema, "Alikuwa msimamizi, sasa ni nani?" Nikasema, "Ni mwanangu." Nikashinda bingo jioni ile, mfuko wa viazi.

Uko peke yako huko? Umepungua?

Siku kumi na moja kabla baba yako hajafika. Kopo liko palepale.

Mama


Edmonton
20 Aprili 1982

Mama,

Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha vya kutosha.

Walitupunguza kazini mwishoni mwa Februari, zamu nzima siku moja. Mimi, Odette, na wale wote waliokusalimu. Barua yako ya bingo ilinikuta kwa sababu mpishi wa kambini aliniletea huku Edmonton kwa mkono, na kikasha vilevile ndiyo maana kilichelewa. Niliifungua nimekaa juu ya begi langu, nikasoma kwamba nimepandishwa cheo. Ulisema kama bado nifanye haraka. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta, halafu sikuweza kukujibu. Ningekwambia nini? Kwamba msimamizi anafagia gereji ya mtu na kulala kwenye chumba kisicho na dirisha? Nilijiambia nitatengeneza kile kikasha kwanza, ili angalau kitu kimoja ulichosema juu yangu kiwe kweli.

Kwa hiyo ukitaka kumcheka mtu aliyekaza bolti mpaka ikatoka na meno, usijicheke peke yako. Mimi pia nilikuwa nakwenda mbele tu.

Na kuna jambo lingine. Ulisema una sababu zako za kutotaka boti iuzwe. Hukuzitaja. Mimi nina swali langu, nalo sijawahi kulitaja. Baba angemuuzia Hughie bila kuniuliza mimi kwanza? Sidai chochote. Nauliza tu. Miaka yote anasema boti si kazi ya binti, na mimi miaka yote nasema sawa baba, nikaenda kutengeneza vyombo vya watu wengine.

Nina tiketi ya treni. Naondoka tarehe nane Mei, nafika kwenu tarehe kumi na tatu kama njia haikuharibika. Kikasha nitakipakata mapajani, sitakitia begini. Usimwambie Hectorina kitu. Najua umeshamwambia.

Weka kopo tayari. Na kioo.

Rhodena


Port Murdoch
28 Aprili 1982

Mwanangu, fundi wangu, mfagiaji wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni posta, na yule mama wa posta akaniuliza kama ni msiba. Nikamwambia ni harusi. Sijui kwa nini. Sasa inabidi utulize hilo pia ukifika.

Kwanza salamu. Paka hajambo, watoto wake wameanza kupanda mapazia. Mimi sijambo. Mwenye nyumba wako mwambie ukuta ni wa kuegemea, si wa kugonga, na sufuria nitampelekea mwenyewe.

Baba yako amefika. Gari lilimshusha mlangoni, akatazama nyumba, akageuza magongo, akaenda bandani. Nilimfuata nyuma na chai, kama chai ingesaidia. Akasimama juu ya injini. Akaliinua bati la mkate. Akatazama lile tundu, kwa muda ambao mtu angeweza kusali rozari.

"Phemie."

"Naam."

"Kikasha changu kiko wapi?"

"Edmonton."

Akaliweka bati chini. "Kimekwenda kufanya nini Edmonton?"

Nikamweleza. Yote, mwanangu, mkufu na *ka!* na Hughie na marashi. Nilipofika kwenye bolti tatu ndefu akaniuliza, "Ulizilegeza vipi, na wewe chai hukorogi kinyume?" Nikamwonyesha kioo chako, bado kilikuwa palepale juu ya betri. Akakishika. Akazungusha kidole mbele yake, hivi, halafu vile. Akasema taratibu, "Miaka arobaini nimefumba macho." Kisha akaanza kucheka, gongo likaanguka, nikamshika, karibu tuanguke wote. Nimeona machozi yake mara mbili maishani, na hii ndiyo ya pili.

Hughie akaja Jumatatu, kofia mkononi. "Dougald, nasikia injini imegoma."

"Haijagoma," baba yako akasema. "Imesafiri."

"Si ulisema ikigoma siku ya kumwaga..."

"Nilisema, na nitalitimiza. Siku ya kumwaga mitego njoo usikilize. Isipowaka, chukua boti. Ikiwaka, usiniulize tena mpaka nife, na nikifa umuulize mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Baba yako akamtazama kama anayemtazama mtu asiyejua saa ngapi. Lakini jioni aliniambia nikuulize viatu vya mpira unavaa namba ngapi siku hizi. Nikasema muulize mwenyewe. Akasema ataogopa jibu. Kwa hiyo naona swali lako limejibiwa, na sababu zangu pia, na hakuna aliyelazimika kusema kitu, jambo ambalo ndilo tunaloliweza zaidi katika nyumba hii.

Sasa aibu yangu. Lile jambo la kioo limejulikana. Hectorina alichungulia dirishani siku ile ile ya Machi, akakaa nalo kimya mwezi mzima kama benki ya mwanawe, akalitoa Jumatano iliyopita kwenye bingo, kwa sauti, na ishara za mikono. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kwa hiyo mimi tangu sasa ni Phemie Kioo. Baba yako ni Dougald wa Phemie Kioo. Na wewe, pole mwanangu, utashuka kwenye treni ukiwa Rhodena Kioo, na watoto wako, na wajukuu wako. Nililia njiani, lakini tangu siku hiyo wanaume watatu wamekuja kuniazima kioo kimyakimya, mmoja wao Angus Jiko. Basi nikakiazima kwa masharti, na ninakitaka kirudi kabla hujafika.

Springi nimezitoa kwenye kopo nikazihesabu, nikazirudisha. Springi utazungusha wewe, mbele ya baba yako. Mimi nitashika taa. Sitashika spana. Sitaimba.

Padri atakuja kubariki boti. Hectorina ataleta keki za shayiri, amesema ni kubwa kuliko zangu, tutaona. Hughie atakuja kusikiliza injini, na kila mtu aliyecheka kwenye bingo atakuja kumsikiliza Hughie akisikiliza. Mwambie na Odette, kitanda kipo kama paka atakubali kuhama. Baba yako atakaa gatini kwenye kiti na magongo yake, na amesema usukani hatashika yeye. Sote tutakuwa pale, nyuso mashariki, tunakungoja uiwashe, Jumamosi tarehe kumi na tano Mei, saa kumi na moja alfajiri.